Myahudi wa Shairini na Raia wa Mtaani

Jioni ya Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 1980, bomu liliripuka nje ya sinagogi la mtaa wa Copernic mjini Paris, ilhali mamia ya watu wamo ndani wanasali. Watu wanne waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Waziri Mkuu wa Ufaransa wa wakati huo, Raymond Barre, alisimama mbele ya kamera za televisheni akalilaani tendo hilo kwa ukali. Katika kulilaani kwake akasema kwamba shambulio hilo ovu lilikusudia kuwapiga Mayahudi waliokuwa wakienda sinagogini, na likawapata Wafaransa wasio na hatia waliokuwa wakipita njia.

Barre hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mwalimu wa uchumi, msomi aliyezoea kuyapima maneno yake kabla hayajamtoka, na siku ile alikusudia kufariji. Ndiyo maana kauli yake yastahili kutazamwa kwa jicho lile lile ambalo mpenda mashairi huutazamia mshororo. Ina ukwapi na ina utao. Katika ukwapi wamo Mayahudi. Katika utao wamo Wafaransa wasio na hatia. Baina ya vipande hivyo viwili pamepita kisu. Waliokuwa ndani ya sinagogi si Wafaransa, kwani Wafaransa ni wale waliokuwa nje. Na ikiwa wa nje ndio wasio na hatia, basi wa ndani wana hatia gani? Waziri hakuisema. Hakuna aliyemwuliza papo hapo, na huenda hata yeye hakujua kwamba ameisema nusu.

Mauti yenyewe yalimsuta. Miongoni mwa wale wanne waliokufa alikuwamo Mreno aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli ya jirani, na alikuwamo mwanamke wa Kiisraeli aliyekuwa akipita njia tu. Kwa hiyo kauli ya Waziri Mkuu ilimwingiza Myahudi wa Israeli katika hesabu ya Wafaransa wasio na hatia, na papo hapo ikawatoa katika Ufaransa Wafaransa waliozaliwa humo, waliolipa kodi humo, na ambao wazee wao wamezikwa humo. Mwaka 2007, miezi michache kabla ya kufa kwake, Barre aliulizwa redioni kuhusu maneno yale. Badala ya kuomba radhi alililaumu kundi la ushawishi la Kiyahudi kwa kumfanyia kampeni. Miaka ishirini na saba ilikuwa imepita, na kisu kilikuwa bado kimo mkononi.

Wako wanaodhani kwamba chuki dhidi ya Mayahudi hupimwa kwa mabomu na mawe peke yake. Hesabu za mawe zipo, wala si za kupuuzwa. Nchini Ufaransa matendo ya chuki hiyo yaliyoandikwa mwaka 2022 yalikuwa 436. Mwaka 2023 yakawa 1,676, na mengi yalitokea baada ya tarehe 7 Oktoba, siku ambayo Hamas iliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, na vita vya Gaza vikaanza. Mwaka 2024 yalikuwa 1,570. Hayo yote yanawashukia watu wanaokadiriwa kuwa nusu milioni, pungufu ya mmoja katika kila mia ya wakazi wa nchi ile. Baadhi yao wameondoa majina yao kwenye masanduku ya barua, na wazazi wamewaambia watoto wao wavae kofia ya kawaida juu ya kofia ya dini. Lakini mrusha mawe ni mtu mmoja, na nyuma yake wako elfu wasiorusha jiwe wala wasiochukia, wenye kuamini tu kwamba yule aliyepigwa ni mgeni aliyefikwa na mambo ya kwao. Hao elfu ndio wenye kuiamua hali ya raia, na hao ndio wanaokusudiwa hapa.

Ufaransa ndiyo nchi ya kwanza Ulaya kuwapa Mayahudi uraia kamili, tarehe 27 Septemba 1791. Katika mjadala uliotangulia, Desemba 1789, mbunge Clermont-Tonnerre alitoa hoja iliyokuja kuwa maarufu: kwamba Mayahudi wanyimwe kila kitu wakiwa taifa, na wapewe kila kitu wakiwa watu binafsi. Hoja ile ilikuwa na ukarimu na ilikuwa na mtego. Ilimtaka Myahudi aingie mlangoni peke yake, bila jamaa zake, kisha wenye nyumba wakawa kila likizuka jambo humwita kwa jina la jamaa zake.

Alfred Dreyfus aliingia peke yake kama alivyotakiwa. Alizaliwa Mulhouse, katika jimbo la Alsace, na Ujerumani ilipolitwaa jimbo hilo mwaka 1871 aila yake ilichagua kubaki na uraia wa Ufaransa. Akawa kapteni wa mizinga. Mwaka 1894 akatuhumiwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, kwa barua ambayo hakuiandika, na tarehe 5 Januari 1895 akasimamishwa uwanjani akang'olewa vyeo na upanga wake ukavunjwa, huku umati nje ya ua ukipiga kelele za kutaka Mayahudi wauawe. Angalia namna tuhuma ile ilivyokwenda: kosa la kubuni la mtu mmoja likageuka mara moja kuwa kosa la kweli la watu wote. Mwandishi wa barua alikuwa afisa mwingine, Esterhazy, ambaye hakuwa Myahudi. Naye alipojulikana hakuna aliyetoka barabarani kudai damu ya watu wa dini yake. Dreyfus alisafishwa mwaka 1906, akarudi jeshini, akapigana katika Vita Kuu ya kwanza, akafa mwaka 1935. Mjukuu wake wa kike alipelekwa Auschwitz akafia huko mwaka 1944. Novemba 2025 dola ya Ufaransa ilimpandisha Dreyfus cheo akawa jenerali, miaka tisini baada ya kifo chake. Na dola, kama ilivyo desturi yake, humheshimu sana asiyeweza tena kujibu.

Tena tarehe ile ile, 3 Oktoba, ila ya mwaka 1940, serikali ya Vichy ilipitisha sheria iliyomweleza Myahudi ni nani na ikamtoa katika ualimu, uamuzi wa mahakama, uafisa wa jeshi na uandishi wa magazeti. Siku nne baadaye ikawavua uraia Mayahudi wa Algeria, walioupata kwa amri ya mwaka 1870. Majirani zao Waislamu hawakuwa hata na cha kuvuliwa, kwani ukoloni uliwaweka nje ya uraia huo tangu mwanzo. Na haya yafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba amri ya 1870 ilikuwa hisani tupu. Lakini somo la siku zile nne ni jingine. Watu walilala raia wakaamka si raia, na anwani zao hazikubadilika. Mtaa ni ule ule na ufunguo wa mlango ni ule ule. Kilichobadilika ni jina waliloitwa. Kutoka Ufaransa walisafirishwa Mayahudi wapatao 76,000 kwenda kwenye kambi za mauti, na waliorudi ni kama 2,500. Polisi waliobisha hodi katika msako wa Julai 1942 mjini Paris, uliowakamata watu wapatao 13,000, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000, walikuwa polisi wa Kifaransa. Hadi 16 Julai 1995 hapakuwa na rais aliyekiri kwamba dola ya Ufaransa ndiyo iliyoshiriki. Jacques Chirac ndiye aliyekiri.

Ingetosha kama jicho hilo lingekuwa la maadui peke yao. Ila Charles de Gaulle hakuwa adui. Alikuwa ndiye aliyekataa kusalimu amri mwaka 1940, na Mayahudi wa Ufaransa walimfuata hadi London. Mnamo 27 Novemba 1967, baada ya vita vya siku sita, aliwazungumza Mayahudi mbele ya waandishi wa habari kama watu wa namna moja, bora, wenye kujiamini na wenye kupenda kutawala. Kuilaumu Israeli kwa kutwaa ardhi kulikuwa haki yake, na mengi aliyoyaonya siku ile yametokea. Lakini hakuishia kwenye dola. Aliwapa watu tabia, na tabia hiyo ikawakumba hata waliokuwa askari wake. Raymond Aron, mwanafalsafa aliyekuwa upande wake London wakati wa vita, alimjibu kwa kitabu kizima mwaka uliofuata.

Wala marafiki hawakuwa bora zaidi kuliko shujaa. Ijumaa ya tarehe 9 Januari 2015 mtu mwenye silaha alivamia duka la vyakula vya Kiyahudi mashariki ya Paris akawaua watu wanne. Kesho yake Waziri Mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, aliwaambia Mayahudi wa Ufaransa kwamba Israeli ndiyo kwao. Alikusudia wema, kama Barre alivyokusudia wema. Na kama Barre, aliwatoa nje. Muuaji amesema nyinyi si wa hapa. Anakuja mfariji naye anasema ndiyo, si wa hapa, njooni kwetu. Katika jambo hili la msingi muuaji na mfariji wamesoma chuo kimoja. Jumapili yake, Netanyahu alipozungumza katika Sinagogi Kuu la Paris, waumini waliimba wimbo wa taifa wa Ufaransa.

Katika duka lile alikuwamo kijana mwajiriwa, Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali. Wateja walipokimbilia chini, yeye ndiye aliyewaingiza katika chumba cha baridi, akazima mtambo wa ubaridi na taa, akawaambia watulie. Kisha akapanda kwa lifti ya mizigo akatoka nje ili awape polisi ramani ya duka. Polisi walimwona mtu mweusi anatoka mbio, wakamtia pingu, wakamweka hivyo kwa saa moja na nusu wakimdhania kuwa mwenzake muuaji. Siku kumi na moja baadaye alipewa uraia wa Ufaransa kwa sherehe. Mtu huyu mmoja katika mchana mmoja alitazamwa kwa jicho lile lile ambalo waliofichwa chini walikuwa wakitazamwa kwalo, na yeye ndiye aliyekuwa amekataa kuwatazama hivyo. Alipoulizwa alisema kwamba hapakuwa na suala la Myahudi, Mkristo au Mwislamu. Wote wamo chomboni pamoja.

Hapa msomaji wa mwambao atauliza: haya ya Paris yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa neno, na neno ni mali ya washairi.

Tangu Oktoba 2023 mashairi mengi yametungwa kwa Kiswahili juu ya Gaza, na ilikuwa ni haki yatungwe. Makumi ya maelfu ya watu wameuawa huko, wengi wao wanawake na watoto, na mshairi anayenyamaza mbele ya hayo na alitupe kalamu lake baharini. Lakini katika tungo hizo mrusha bomu anaitwa kwa jina gani? Aghalabu anaitwa Myahudi. Haitwi rubani, wala jemadari, wala waziri, wala serikali ya Israeli. Ni Myahudi anayebomoa, ni Myahudi anayewaua watoto, ni Myahudi anayetia njaa. Na umoja huo wa ngeli ya kwanza ni hatari kuliko wingi, kwani Kiswahili humtumia mtu mmoja kusema jinsi nzima. Anayesema mvuvi haogopi maji hakusudii mvuvi mmoja. Basi mshairi wa Unguja au wa Mombasa anapoandika hivyo, huwa ameutunga upya mshororo wa Raymond Barre, ukwapi na utao, na ameuweka kisu pale pale. Bibi mzee wa Paris aliyenusurika msako wa 1942 amo katika ubeti ule, naye amekaa upande wenye hatia.

Utetezi wa kwanza ni kwamba Israeli yenyewe hudai kusema kwa niaba ya Mayahudi wote, na hata imeliandika jambo hilo katika sheria yake ya mwaka 2018. Ni kweli inadai. Lakini tangu lini dai la dola likawa ushahidi juu ya asiyeipigia kura? Waliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 walidai vile vile kusema kwa niaba ya Waislamu wote. Waislamu wa pwani ya Kenya wanajua kilichofuata: misako ya usiku, na kwa miaka mingi kuulizwa cheti cha babu kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali jirani wa dini nyingine haulizwi. Walisema, na walisema kwa haki, kwamba si wao waliotega bomu. Anayetaka hoja hiyo isikilizwe Mombasa hawezi kuikataa Paris.

Wala Paris si lazima. Karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, wako Abayudaya, wakulima Waafrika walioingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Idi Amin alipogombana na Israeli mwaka 1972 akawafukuza Waisraeli, kisha akaipiga marufuku dini ya hao wakulima, kana kwamba ugomvi wa dola mbili ulikuwa umelimwa katika mashamba yao ya migomba. Masinagogi yao yalifungwa, wengi wakahama dini kwa khofu, waliobaki wakasali kwa siri. Hawakuwahi kuiona Israeli. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuingia bunge la Uganda. Na waliompigia kura wengi wao walikuwa Wakristo na Waislamu, waliomjua kwa kazi zake.

Utetezi wa pili ni wa dini, nao ni dhaifu zaidi kuliko wenye kuutoa wanavyodhani. Watatajwa Bani Quraydha, itatajwa Khaibar. Ni sawa, na yatajwe. Lakini vitabu vya sira huyataja makabila hayo kwa majina yao na ahadi zao, kila kabila na shauri lake, na mkataba wa Madina uliwahesabu Mayahudi wa Bani Auf kuwa umma mmoja na waumini, hawa na dini yao na wale na dini yao. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba jeneza lilipita, Mtume akainuka. Akaambiwa kwamba ni la Myahudi. Akauliza kama si nafsi. Wapo maulamaa mwambao wanaoisoma hadithi hiyo kila mwaka, na wapo wasikilizaji wanaotoka darasani wakaenda kuandika beti ambazo jeneza lile lisingepita ndani yake.

Utetezi wa tatu hausemwi, ila ndio wenye nguvu: kwamba Myahudi kwetu si jirani, ni mhusika wa kisa. Hapa lawama ni ya vitabu pia. Shakespeare alimtunga Shylock mwishoni mwa karne ya 16, katika nchi iliyokwisha kuwafukuza Mayahudi wake mwaka 1290 na ambayo haikuwaruhusu tena hadi mwaka 1656. Wachache waliokuwapo London waliificha dini yao. Kwa hivyo Myahudi mashuhuri kuliko wote katika tamthilia ya Kiingereza alitungwa mbele ya watazamaji ambao, isipokuwa kwa nadra, hawakuwa na Myahudi wa kumlinganisha naye. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia hiyo, ikachapishwa mwaka 1969, aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu akaweka wingi, na akachagua neno ambalo Tanzania ya Azimio la Arusha ilikwisha kulipa hukumu yake. Kwa wingi huo mmoja Shylock na Antonio walitiwa kapu moja, na kosa likahamishwa kutoka katika dini likawekwa katika mali. Ni tafsiri yenye upinzani ndani yake, na hadi leo ni nadra kusifiwa kwa hilo. Walioisoma shuleni wamemkumbuka Shylock, wakausahau wingi.

Atasema mshairi kwamba haya yote ni sawa, ila sanaa ina sheria zake. Neno hilo limekaa vizuri, lina kina, na badala yake haipatikani. Na hesabu mizani. Yahudi ni mizani tatu na kina chake ni di. Katika tenzi za kale za mwambao, pale mtunzi alipotaka kutaja majeshi yaliyoshuka vitani, alikuwa na neno junudi. Nalo ni mizani tatu, na kina chake ni di.